Alama Zinazopotea Mkononi: Kujiandaa kwa Fizikia na Kemia ya KCSE

Katika nyumba nyingi za kaunti hii kuna taa moja inayozimwa baada ya nyingine zote. Ni ya mtahiniwa wa kidato cha nne. Kitabu chake cha fizikia amekisoma mara tatu, kurasa zimejaa mistari ya rangi, na fomula amezikariri. Hata hivyo, mtihani wa mwigo unarudi na alama zile zile za muhula uliopita. Mzazi anaanza kuamini kwamba mtoto hana kichwa cha sayansi, na mtoto naye anaanza kuamini hivyo.

Karatasi yenyewe ikikaguliwa swali kwa swali, mara nyingi huonyesha jambo tofauti. Mtahiniwa alijua fomula ila hakubadilisha kilomita kuwa mita. Alipima vizuri ila hakuandika kizio. Alichora grafu ila mizani yake ilibana pembeni mwa karatasi. Alama hizo zilipotea mkononi, na mkono hufundishika. Makala haya yanaeleza namna ya kuufundisha, nyumbani na shuleni, kabla ya Oktoba na Novemba.

JINSI ALAMA ZINAVYOGAWANYWA

Mtihani wa KCSE, unaotungwa na Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC), huwa na karatasi tatu katika fizikia na tatu katika kemia. Karatasi ya Kwanza na ya Pili huwa na alama 80 kila moja, na kila moja hufanywa kwa saa 2. Karatasi ya Tatu ni ya majaribio ya maabara na huwa na alama 40. Jumla ni alama 200.

Katika fizikia, Karatasi ya Kwanza huhusu zaidi kani, mwendo, joto, gesi na vimiminiko. Ya Pili huhusu zaidi umeme, sumaku, mwanga, mawimbi na mnururisho. Katika kemia, karatasi zote mbili huchota maswali kutoka silabasi nzima, tangu kidato cha kwanza.

Hesabu mbili hufuata hapo. Ya kwanza, alama 40 kati ya 200 ni moja ya tano ya somo zima. Mwanafunzi anayeyaacha majaribio hadi wiki ya mwisho ameiweka rehani moja ya tano ya alama zake. Ya pili, saa 2 ni dakika 120, nazo zikigawanywa kwa alama 80 kila alama hupata dakika moja na nusu. Swali la alama 4 linastahili dakika 6. Likifika dakika 12 bila jibu, liachwe kwanza na lirudiwe mwishoni.

KUSOMA KWA KALAMU

Kusoma kitabu tena na tena humpa mtu hisia kwamba anajua, kwa kuwa macho yameshazoea ukurasa. Mtihani hauulizi kama ukurasa umezoeleka. Humpa mtahiniwa karatasi tupu. Kwa hiyo maandalizi nayo yaanze na karatasi tupu.

Njia ifuatayo inafaa kwa anayesoma peke yake au na wenzake wawili watatu:

1. Achague karatasi moja ya miaka iliyopita na kuifanya kwa saa 2 kamili, kitabu kikiwa kimefungwa na simu ikiwa mbali.

2. Asiisahihishe siku hiyo hiyo. Kesho yake akichukua mwongozo wa majibu, atayaona makosa yake kwa macho ya mtu mwingine.

3. Awe na daftari la makosa. Kwa kila alama iliyopotea, aandike swali, hatua aliyokosea na hatua sahihi. Pembeni aandike sababu kwa neno moja: dhana, hesabu, kizio, au haraka.

4. Baada ya siku tatu au nne, alirudie swali lile lile bila kutazama jibu. Likimshinda tena, hilo ndilo la kupelekewa mwalimu.

Baada ya karatasi tatu au nne, daftari hilo huanza kuzungumza. Mmoja atagundua kwamba nusu ya makosa yake ni vizio, na mwingine kwamba kila swali la lenzi humshinda. Hapo hahitaji tena kusoma kitabu kizima. Anajua aanzie wapi.

HATUA ZIONEKANE

Chukua mfano wa swali la mwendo. Gari lenye tungamo la kilo 1,200 linakwenda kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa. Dereva anashika breki na gari linasimama baada ya sekunde 5. Tafuta kani ya breki na umbali uliokwendwa wakati wa kusimama.

Hatua ya kwanza ni kubadilisha kasi. Kilomita 72 ni mita 72,000, na saa moja ni sekunde 3,600. Kwa hiyo kasi ni mita 20 kwa sekunde. Anayeiruka hatua hii na kuweka 72 moja kwa moja kwenye fomula atapata majibu yasiyo sahihi hadi mwisho wa swali.

Hatua ya pili ni kupunguka kwa kasi: 20 ÷ 5 = 4, yaani mita 4 kwa sekunde kwa sekunde.

Hatua ya tatu ni kani: 1,200 × 4 = 4,800, yaani niutoni 4,800, kuelekea kinyume cha mwendo.

Hatua ya nne ni umbali. Kasi ilianza na 20 ikaisha na 0, hivyo wastani wake ni 10. Kwa sekunde 5, gari lilikwenda mita 50.

Mtahini hutoa alama kwa hatua, si kwa jibu la mwisho pekee. Aliyeandika fomula, akaweka tarakimu mahali pake, kisha akakosea kuzidisha, huweza kupata sehemu kubwa ya alama. Aliyeandika jibu tupu lililo kosa hapati kitu, hata kama alichofanya kwenye kikokotoo kilikaribia ukweli. Kazi yote iandikwe kwenye nafasi iliyoachwa.

KUTAJA NA KUELEZA

Maswali mengine hayana hesabu. Hapo neno linaloanzisha swali ndilo hubeba amri: kutaja, kueleza, kufafanua au kulinganisha. Idadi ya alama huonyesha hoja ngapi zinatakiwa.

Tuseme swali linataka maelezo kwa alama 3 kuhusu sababu ya maji ya mtungi wa udongo kuwa baridi kuliko ya ndoo ya plastiki. Anayeandika “kwa sababu ya mvukizo” ametaja tu. Anayeeleza huandika kwamba udongo una vitundu vidogo vinavyopitisha maji hadi nje ya mtungi. Kwamba maji hayo huvukiza. Na kwamba ili yavukize huchukua joto kutoka kwenye mtungi na maji yaliyobaki, ndiyo maana yakapoa. Hizo ni hoja tatu zilizoshikana, kila moja ikiizaa inayofuata.

Mtihani wa sayansi huandikwa kwa Kiingereza, na wapo wanafunzi wanaoielewa dhana lakini wakakwama kwenye sentensi. Dawa yake ni ya hatua mbili. Kwanza mwanafunzi amweleze mtu wa nyumbani kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, hadi yule mtu asiyesoma fizikia aelewe. Kisha aandike maelezo yale yale kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi. Anayeshindwa hatua ya kwanza ana shida ya dhana. Anayeshindwa ya pili ana shida ya lugha. Ni magonjwa mawili, na tiba zake ni mbili.

JARIBIO LA JIWE NA UZI

Si kila shule ina vifaa vya kutosha, na katika shule nyingi za kutwa wanafunzi hushirikiana kifaa kimoja. Hata hivyo, kuna majaribio yasiyohitaji maabara. Mojawapo ni la pendulamu, yaani kitu kilichofungwa kwenye uzi kikabembea.

Vinavyohitajika ni jiwe dogo, uzi mwembamba usionyooka ukivutwa, msumari kwenye fremu ya mlango, rula au futi ya fundi cherehani, na simu yenye saa ya sekunde. Urefu hupimwa kutoka kwenye msumari hadi katikati ya jiwe. Jiwe livutwe kidogo tu kando, lisizidi nyuzi 10, kisha liachiliwe bila kusukumwa. Bembea moja kamili ni kwenda upande wa pili na kurudi lilikoanzia.

Hupimwa muda wa bembea 20, wala si moja. Sababu yake ni hii: kidole cha mtu huchelewa kubonyeza saa. Kikichelewa sekunde 0.2 katika bembea moja ya sekunde 2, kosa ni asilimia 10. Kikichelewa sekunde 0.2 hizo hizo katika bembea 20 za jumla ya sekunde 40, kosa ni nusu ya asilimia moja. Anayeielewa sababu hii hatasahau utaratibu wake.

Mfano wa jedwali lililojazwa vizuri ni huu:

Urefu (m) | Muda wa bembea 20 (s) | Muda wa bembea 1, T (s) | T² (s²)
0.36 | 24.1 | 1.205 | 1.452
0.49 | 28.1 | 1.405 | 1.974
0.64 | 32.3 | 1.615 | 2.608
0.81 | 36.1 | 1.805 | 3.258
1.00 | 40.1 | 2.005 | 4.020

Mambo mawili yaangaliwe hapo. Kila kichwa cha safu kina kizio chake. Na ndani ya safu moja, tarakimu baada ya nukta ni sawa kwa idadi. Anayeandika 24.1, kisha 28, kisha 32.30, amepima kwa kifaa kimoja lakini ameandika kana kwamba vilikuwa vitatu.

Kisha huja grafu ya T² dhidi ya urefu. Mihimili yote miwili iandikwe jina na kizio. Mizani iwe rahisi kusomeka, kama vile miraba 10 kwa 0.2, na ipangwe ili grafu ienee zaidi ya nusu ya karatasi kila upande. Pointi ziwekwe kwa alama ndogo ya msalaba kwa penseli iliyochongwa. Mstari ulionyooka upite katikati ya pointi. Katika mfano huu, pointi ya urefu wa 0.64 itabaki juu kidogo ya mstari. Iachwe hapo. Kuunganisha pointi moja hadi nyingine kama ua la fito ni kosa linalojirudia kila mwaka.

Mteremko hupatikana kwa pointi mbili zilizo mbali, zilizosomwa kwenye mstari wenyewe, si kwenye jedwali. Tuseme mstari unapita penye urefu wa 0.40 na T² ya 1.61, na tena penye 0.90 na 3.62. Tofauti ya T² ni 2.01 na tofauti ya urefu ni 0.50, kwa hiyo mteremko ni 4.02. Kwa kuwa mteremko huo ni sawa na 4π² ikigawanywa kwa mchapuko wa mvutano wa dunia, mchapuko huo ni 39.48 ÷ 4.02, yaani karibu mita 9.82 kwa sekunde kwa sekunde. Jiwe la uwanjani na uzi wa cherehani vimeipima dunia.

Kwa upande wa umeme, seli kavu za tochi, balbu yake na vipande vya waya vinatosha kuzoea saketi. Jambo la kukumbuka ni kwamba ammita huungwa katika mfuatano na balbu, ilhali voltmita huungwa sambamba nayo. Umeme wa ukutani usiguswe kamwe kwa majaribio ya nyumbani.

KEMIA: MAANDISHI YA MAABARA

Kemia ya majaribio ifanyiwe shuleni, chini ya mwalimu. Asidi kali haitiwi maji juu yake. Asidi ndiyo humiminwa polepole ndani ya maji. Kemikali hazibebwi kwenda nyumbani.

Katika titresheni, bureti husomwa macho yakiwa sawa na usawa wa kimiminiko, na sehemu ya chini ya mpindo wake ndiyo inayosomwa. Tuseme sentimita 25.0 za ujazo za alikali zimetumia asidi kama ifuatavyo kwa majaribio matatu: 24.8, 24.7 na 24.9. Masomo hayo yanakaribiana, hivyo yote hutumika kupata wastani wa 24.8. Somo lililo mbali na mengine, kwa mfano 26.1, haliingizwi kwenye wastani. Utaratibu wa kutafuta wastani uandikwe wazi, kwa kuwa nao huwa na alama yake.

Kama asidi ni haidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita na alikali ni haidroksidi ya sodiamu, moli za asidi ni 0.1 × 24.8 ÷ 1,000, yaani 0.00248. Moli moja ya asidi hii humaliza moli moja ya alikali hii, kwa hiyo alikali nayo ina moli 0.00248 katika sentimita 25.0 za ujazo. Kwa lita moja ni moli 0.0992.

Sehemu ya kutambua chumvi hudai macho makini na maneno sahihi. Myeyusho wa salfeti ya shaba huonyesha upande wa pili bila uvuguvugu, lakini ni wa buluu. Kwa hiyo anayeona kimiminiko kama maji aandike kwamba hakina rangi. Kusema ni “safi” hakutoshi. Vivyo hivyo, mashapo meupe yanayoyeyuka haidroksidi ya sodiamu ikizidishwa huweza kuwa ya zinki, aluminiamu au risasi. Ikitumiwa amonia badala yake, ya zinki huyeyuka amonia ikizidi, na ya wale wawili hayayeyuki. Mtahiniwa aandike alichokiona kwanza, kisha ndipo aandike maana yake. Aliyeandika maana bila kuona amekisia.

SIKU YA MTIHANI

Katika Karatasi ya Tatu, dakika 15 za mwanzo ni za kusoma maswali na kuhakikisha vifaa vyote vipo. Kifaa kikikosekana au kikiwa kibovu, msimamizi aambiwe hapo hapo. Kunyamaza kwa woga humgharimu mtahiniwa peke yake.

Fizikia ya majaribio huchukua saa 2 na nusu, na ya kemia saa 2 na robo. Somo lililosomwa kwenye kifaa liandikwe papo hapo kwenye jedwali. Yasiandikwe kwenye kiganja ili kunakiliwa baadaye. Kalamu mbili, penseli, rula, kifutio na kikokotoo kinachoruhusiwa viwekwe tayari usiku wa kuamkia mtihani, na mtahiniwa alale. Saa mbili za ziada za kukesha hulipwa asubuhi kwa makosa ya kujumlisha.

WAZAZI NA MAJIRANI

Mzazi asiyejua fizikia ana kazi tatu anazoziweza. Ya kwanza ni kumpa mtoto saa isiyoingiliwa. Mtoto wa shule ya kutwa anayechota maji, kupika na kulea wadogo zake hadi saa tatu usiku hashindani kwa usawa na aliye bweni. Kazi zigawanywe nyumba nzima, wavulana kwa wasichana. Ya pili ni kuomba kuliona daftari la makosa kila Jumapili. Si lazima alielewe. Inatosha aone kama limeongezeka. Ya tatu ni kukaa na kusikiliza mtoto anapoeleza mtungi unavyopoza maji.

Mzazi pia ailinde mifuko yake na jina la mtoto. Kila msimu wa mtihani hutokea watu mitandaoni wanaodai kuuza karatasi za KCSE. Mara nyingi ni maswali ya kubuni, na pesa zikishatumwa hazirudi. Hata ingekuwa kweli, kuwa na karatasi hiyo ni kosa chini ya Sheria ya KNEC ya mwaka 2012, na matokeo ya mtahiniwa huweza kufutwa. Miaka minne isiuzwe kwa ujumbe wa simu.

Chini ya Katiba ya mwaka 2010, shule za sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa, ilhali elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na maktaba ni majukumu ya kaunti. Kwa hiyo masuala ya usajili na kituo cha mtihani yapelekwe kwa mwalimu mkuu au afisi ya elimu ya kaunti ndogo. Anayekosa mahali tulivu pa kusomea aulize maktaba ya umma iliyo karibu.

Jambo la mwisho ni la wakati. Waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 ndio watakaofunga ukurasa wa KCSE mwaka 2027. Kwa wanafunzi hao na wanaowatangulia, kozi kama uhandisi, ufamasia na udaktari zitaendelea kutazama alama za sayansi. Muda uliobaki unatosha kwa yule atakayeanza leo na karatasi moja, daftari moja, jiwe na uzi.